Kachumbari ya Dada Sabina

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nyanya nne, kitunguu kimoja, giligilani ya nyuma ya nyumba. Pilipili nimeacha. Dada anasema vidonda vya mdomoni vinawaka. Yeye aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga pale Kigongo, watu wakishuka kwenye kivuko wanaulizia kachumbari yake kwanza, samaki baadaye! Leo ameonja akasema, "Hii umemkatia nani, mgonjwa?" Nikamwambia mgonjwa si ndiye wewe! Tukacheka mpaka Neema wangu akaamka. Miezi saba, usingizi kama wa kuku. Dada amekula vijiko vitano. Nina furaha.

Jumatano, 8 Machi
Kitunguu nimekikanda na chumvi, nikakisuuza mara tatu kama alivyonifundisha. Bado kinamchoma. Nikatoa kipande kimoja kimoja kwa vidole. Vijiko vitatu. Sangara wote siku hizi wanakwenda kiwandani, sisi tunaachiwa vichwa. Nilimchemshia kichwa, supu ameikataa. Anataka kachumbari tu. Daktari alisema asipokula chakula, dawa zitamshinda. Basi atakula.

Jumamosi, 11 Machi
Mimi mjinga. Jirani, Mama Leticia, aliniambia ndimu inakausha vidonda. Nikakamua nzima kwenye kachumbari, Dada sikumwambia. Alipiga yowe. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Hakunitukana. Bora angenitukana. Darasa la saba nimemaliza, kumbe sijui kwamba ndimu inachoma kidonda?

Jumatatu, 13 Machi
Siku ya pili hajafungua mdomo. Amegeukia ukutani. Watu wanapita wanachungulia, haingii mtu. Wananong'ona juu ya ugonjwa wake. Hata Mama Leticia anasimama mlangoni, kiti hakitaki. Nina hasira. Ila ndimu niliikamua mimi, si yeye. Nimemwomba Dada msamaha. Amenyoosha mkono bila kugeuka, akanishika kidole.

Jumanne, 14 Machi
Nyanya peke yake. Nimeimwagia maji ya moto, nimemenya ganda, nimetoa mbegu, nimeponda. Jani la giligilani nimeliweka pembeni ya sahani alinuse tu. Amelinusa muda mrefu. Halafu vijiko viwili! Akasema, "Chumvi hamna." Nikasema hamna, Dada. "Afadhali. Umejifunza." Kesho nitatafuta parachichi laini. Huyu atapona.

Alhamisi, 16 Machi
Parachichi hakutaka. Nyanya hakutaka. Jani tu, analo mkononi.

Ijumaa, 17 Machi
Dada amefariki saa moja asubuhi. Nilikuwa namenya nyanya.

Jumapili, 26 Machi
Tulimzika Usagara, karibu na wazazi. Wageni wamekwisha kuondoka. Baba Neema ameenda misa peke yake, mimi nimebaki na mtoto. Mvua tangu alfajiri.

Nimekata nyanya za mchana. Kufika mwisho ndipo nikaona: zote nimemenya, mbegu nimetoa, nimeponda, sikuweka kitunguu wala chumvi. Mikono ilifanya yenyewe. Nikakaa chini na bakuli mapajani. Nililia kidogo.

Neema alikuwa ananitazama. Zaidi ya ziwa na uji hajala kitu huyu. Nikampa kwenye ncha ya kijiko. Akakunja uso. Akaramba midomo, kama anafikiri.

Halafu akafungua mdomo.