Breki Nyepesi kwa Mkono wa Mama

Jumamosi. Kiangazi, jua lipo lakini halichomi. Moshi wa mashamba umelala juu ya ziwa na milima ya Kongo haionekani kabisa. Nimeshinda uani na baiskeli ya mama. Mikono inanuka grisi hata baada ya kuiosha kwa sabuni ya unga.

Sina hisia kubwa za kuandika leo. Naandika kilichotokea, basi.

Mama yangu ni mkunga mstaafu. Tunaishi wawili hapa Gungu: mimi na cherehani yangu, yeye na baiskeli yake aliyoinunua kabla sijazaliwa. Kustaafu kwake ni kwa jina tu. Wanawake waliojifungua bado wanampigia simu, naye huwafuata majumbani kuwaonyesha namna ya kumweka mtoto kwenye titi, au kuwatuliza tu. Wengine wako mbali, hadi Bangwe. Tatizo ni vidole vyake. Viungo vimevimba, na asubuhi nyingine hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai.

Wiki iliyopita alikuwa akiteremka kwenda huko Bangwe. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akakatiza barabara. Mama akabana breki, baiskeli ikaendelea kwenda. Akaipeleka kwenye uzio wa matete wa watu. Alichubuka goti na kiwiko, akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani, akaniomba maji ya vuguvugu.

Kaka yangu Josefu, anayeishi Mwanza, alipopata habari alipiga simu siku hiyo hiyo. "Iuze hiyo baiskeli. Mama amezeeka. Awe anapanda bodaboda." Nikamjibu kwamba nitaangalia.

Ukweli ni kwamba nilikubaliana naye.

Mama hakubishana na yeyote. Alisema tu kwamba bodaboda inasubiri nje ikipiga honi, na mtoto mchanga hafundishwi kunyonya kwa honi. Kisha akawa anakaa barazani. Juzi binti mmoja wa Bangwe alipiga simu akilia: maziwa yamejaa, titi limekuwa gumu, mtoto hashiki. Mama akamwelekeza kwa simu muda mrefu, akirudiarudia. Alipomaliza aliweka simu mapajani, akakunja vidole, akavikunjua. Niligeukia cherehani yangu.

Jana nilikwenda Ujiji kununua nyuzi, nikapita kwa Mzee Hamisi, fundi baiskeli. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Akibana, ule mkono wa breki unakuja?" aliuliza.

"Unakuja kwa shida. Na akiuachia unarudi polepole."

"Basi breki zenyewe ni nzima. Waya ndio unakwama njiani. Nguvu zake zote zinaishia kwenye waya, raba hazipati kitu. Niletee wiki ijayo, nina kazi nyingi hapa."

Sikutaka kusubiri wiki ijayo. Cherehani yangu huwa naifungua mwenyewe, na waya ni waya. Nikanunua waya mpya na makava yake ya kupitishia, yale yenye mrija wa plastiki ndani.

Leo asubuhi nikapindua baiskeli uani. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, akijifanya hanitazami. Nilipouchomoa waya wa zamani ulitoka na unga wa kutu, nyuzi zake nyingine zimekatika na kusimama kama miiba. Kava lenyewe lilikuwa limevunjika kwenye kona, pale linapotoka kwenye usukani. Waya wowote ungekwama pale.

Nikakata kava jipya kwa plaizi, nikapitisha waya, nikafunga. Nikabana.

Ngumu vile vile.

Hapo nilikasirika kweli. Nilikuwa karibu kumpigia Josefu nimwambie atafute mteja. Mama akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, umelikata hilo kava au umeling'ata?"

Nikalitazama. Kweli, plaizi ilikuwa imeuponda mdomo wake, na waya ulikuwa unasugua kwenye ncha za chuma. Nikachukua tupa, nikausawazisha mdomo mpaka ukawa bapa, kisha nikaufungua ule mrija wa ndani kwa sindano nene ya kushonea magunia. Kava lilikuwa refu pia, limejizungusha bila sababu. Nikalipunguza kidogo kidogo mpaka likalala kwa mpindo mpana, huku nikigeuza usukani kulia na kushoto kuhakikisha halivutwi. Waya nikaupaka grisi nyembamba. Ile mikono miwili inayobana rimu ilikuwa imeganda kwa vumbi, nikaisafisha na kuitia tone la oili ya cherehani penye ekseli yake, rimu nikiwa nimeifunika kitambaa. Oili ikigusa rimu, kazi yote ni bure. Breki ya nyuma ilinichukua muda zaidi, maana waya wake ni mrefu.

Nikamwita mama ajaribu. Akafuta mikono kwenye khanga, akashika kwa vidole viwili tu, vile vinavyomuuma kidogo. Mkono wa breki ukaja wote. Akauachia, ukarudi kwa mlio mkavu. Akabana tena. Na tena.

"Kumbe si mimi," alisema.

Muda wote huu alikuwa akiamini kwamba ni vidole vyake vilivyotaka kumuua yule mwanamke wa barabarani na mtoto wake. Sikujua. Sikumuuliza.

Baada ya chakula tukaenda kwenye mteremko. Nilimwomba afike kwenye nguzo ya umeme tu, kisha arudi. Alishuka taratibu, akafunga breki, akasimama penye nguzo kama nilivyosema, akaweka mguu chini. Alinigeukia. Halafu akapanda tena, akashika njia ya Bangwe.

Nilimwita. Alisikia, nina hakika.

Amerudi kabla ya magharibi, ana njaa. "Mtoto ameshika," alisema, akavuta sahani. Sikumgombeza. Nilimwongezea samaki, mgebuka wa ziwani.

Sasa amelala. Josefu nimemwandikia kwamba baiskeli haiuzwi. Hajajibu, na sitarajii kwamba atafurahi. Najua pia kwamba waya haukuponya kidole hata kimoja. Itafika asubuhi ambayo hata breki hii itakuwa nzito kwake, na hapo sitakuwa na kitu cha kupaka grisi. Nadhani siku hiyo ataniambia mwenyewe.

Au itanibidi nijifunze kumuuliza?