Kikombe Hakikuvunjika

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekalia ndoo iliyogeuzwa, mtoto amelala mgongoni, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka ujue ni yeye anapumua. Goti linaendeleaje? Mama mdogo ameniambia siku hizi unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na kwamba umekataa kwenda hospitali kulipiga picha. Nenda, mama. Goti halisikii mahubiri. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako, tunayemwita Kifaranga kwa jinsi anavyopanua mdomo akisikia tu mlango unafunguliwa, ameota jino la chini. Ananing'ata nikimnyonyesha, halafu ananiangalia usoni na kucheka. Masikio amechukua yako, yale ya kusimama kama yanasubiri habari.

Ujumbe wako umenifikia. Mama mdogo alikuja na gauni jeupe kwenye mfuko, lile ulilolishona kwa mabaki ya majoho ya kwaya, na utepe wa dhahabu shingoni. Mshono ni mzuri, siwezi kusema vingine. Akanieleza kwamba siku ya shukrani unataka nimlete mtoto, nimvishe gauni hilo, nisimame kando yako mbele ya watu wakati wewe umeshika maiki. Kwamba mchungaji ameshakutengea nafasi kabla ya sadaka. Mimi sitahitajika kusema kitu, nisimame tu, niiname kidogo, na machozi yakinijia nisiyazuie. Alisema nikilia itapendeza. Mama mdogo mwenyewe alikuwa anaangalia miguu yake akisema hivyo.

Jibu langu ni hapana. Nimeliweka hapa juu ili usisome barua nzima ukilitafuta. Yanayofuata ni kwa nini, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako, si katikati ya akina mama wa maombi.

Unakumbuka siku nilipovunja ungo? Nilikuja jikoni nimejifunga sweta kiunoni, nikidhani ninakufa. Hukunigombeza. Ulichukua sketi yangu ya shule ukaiweka kwenye beseni, ukanionyesha kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaligandisha doa. Ulinikatia vitambaa vya flana, ukavikunja kingo ili visinichubue, ukaniambia hili ni letu sisi wawili. Siku ile nilikupenda mpaka nikaogopa.

Alhamisi yake nilirudi shuleni nikakuta sebule imejaa wenzako. Ulikuwa umelipeleka jambo letu kwenye maombi. Walinilaza kwenye kochi, wakaniwekea mikono tumboni, mmoja mkono wake unanuka kitunguu, wakaomba kwa sauti tumbo la binti huyu lifungwe mpaka wakati wake. Na wewe ulikuwa unaitikia amina kuliko wote. Jumapili mpiga kinanda alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama limeshafungwa, au nimsaidie kutafuta kufuli. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilipokuambia, ulisema shetani hapendi maombi ya akina mama.

Tangu hapo nilijua kwamba chochote kinachonipata kitapita kwenye kinywa chako kabla hakijapoa. Watu wakakuita Mama Shuhuda, nawe ukalipenda jina. Chawa wangu walishuhudiwa. Kushindwa kwangu hesabu kulishuhudiwa. Hata kukojoa kitandani, jambo nililoliacha zamani, ulilirudisha siku moja kanisa lilipokuwa limepoa, na likapata haleluya mbili. Nilikuwa nimekaa pale pale mstari wa tatu. Nilikuwa na matiti tayari, mama.

Ngoja nikuambie kuhusu kazi yangu, maana hujawahi kuniuliza. Nafua mashuka ya hospitali. Yanakuja kwenye magunia ya plastiki, mengine yakiwa bado na uvuguvugu. Nayachambua kwa mkono kabla hayajaingia mashine: ya damu upande huu, ya matapishi na choo upande ule, ya usaha yanalowekwa peke yake kwenye dawa. Wasichana wengi wanaoletwa kujifunza hawamalizi siku ya kwanza. Mimi nilianza nikiwa na mimba kubwa na sikuwahi kutapika. Bi Pasi, yule mama anayenyoosha nguo za madaktari, hupenda kuwaambia wageni kwamba mimi sikuzaliwa na pua, nilichorewa. Nakueleza haya ili ujue kwamba sina kinyaa cha haraka. Kinyaa changu kinatoka mbali.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, Jumapili, nilikuja kanisani kwenu. Hukuniona. Nilikuwa nimemfunga mtoto kifuani na kitambaa kichwani, nikakaa nyuma kabisa karibu na viti vilivyovunjika. Nilikuja kupatana nawe. Nilipanga nikungoje nje ibada ikiisha, nikuwekee mtoto mikononi bila maneno, tuone itakuwaje. Njiani nilikuwa nimefanya mazoezi hata ya kutabasamu.

Ukaitwa kushuhudia. Ulipanda na goti lako hilo, watu wakakushangilia. Ukasema una binti mmoja, aliyepotea. Ukasema binti huyo alipata mimba kwa fundi wa friji aliyetoroka na friji ya watu, watu wakacheka, na hilo la fundi ni kweli, nami huwa nalicheka. Kisha ukashusha sauti, mpiga kinanda akaanza kuchezesha vidole chini chini kama anavyofanya ukikaribia utamu. Ukasema binti yako alitaka kuitoa ile mimba. Kwamba uliingia chumbani ukamkuta ameshika kikombe cha dawa, kimefika midomoni, na Roho akakuambia piga! Ukakipiga kile kikombe, kikaruka, kikavunjika vipande vipande, na leo mjukuu wako anaishi. Kanisa lote lilisimama. Wengine walikuwa wanalia kweli. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alisema, kwa uchungu wote, kwamba kuna watoto wa kike ambao ni wanyama.

Nilitoka. Nilifika nyuma ya tangi la maji, pale kwaya wanapoacha viatu, nikatapika. Mimi, mama. Nilitapika chai, nikatapika mkate, nikabaki natapika maji machungu huku nimeshika kichwa cha mtoto asichafuke. Mama mmoja wa mlangoni alikuja na gilasi ya maji akanipigapiga mgongo, akaniambia nisiogope, nimeguswa. Akasema ushuhuda wa yule mama huwa unawatoa watu mapepo. Nilimshukuru. Nilikunywa maji yake nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo kinyaa hakijaniisha. Nikisikia kinanda redioni, mate yananijaa. Mama mdogo alipolitoa gauni kwenye mfuko nikanusa ile harufu ya nyumbani, ya mafuta ya cherehani na chaki, ilibidi nisogee dirishani.

Kwa sababu mimi na wewe tunajua, mama. Ilikuwa Jumamosi mchana. Ulikuwa umetoka kuwapima wanakwaya majoho, na wiki ile ndiyo walikuwa wanachagua mwenyekiti wa akina mama. Mimi nilikuwa nimelala, kichefuchefu kimenishika, nimeshakuambia juzi yake kwa nini. Uliingia na kikombe chako cha bati cha bluu, kile cha kuwekea chaki. Chaki ulikuwa umezimwaga, lakini unga wake ulikuwa bado umeganda ukingoni. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya maji ya kudekia, kinanuka kutu. Ulisema ni dawa ya kuongeza damu. Ulikaa kitandani, ukaniinua kichwa kwa mkono, kwa upole kama nilipokuwa na homa utotoni, ukaanza kuomba chini chini ukidhani sisikii. Ulikuwa unaomba msamaha. Mama, mtu haombi msamaha kwa ajili ya dawa ya kuongeza damu.

Hapo ndipo nilipojua. Funda lilikuwa limeshaingia mdomoni. Ulipogeuka kutafuta kitambaa nikalitema ndani ya kiatu changu, na ulipokwenda kumfungulia mteja mlango nikamwaga kilichobaki dirishani. Ulirudi ukaona kikombe kitupu, ukanibusu kwenye paji la uso. Kila asubuhi baada ya hapo ulikuwa unakuja kunitandikia kitanda, wewe ambaye hukuwahi kunitandikia. Nilikuwa nakuona kwenye kioo, unafunua shuka, unatafuta doa. Mpaka tumbo likaonekana, ukaniambia nimekuvua nguo mbele ya watu, nami nikafunga begi.

Sijamwambia mtu. Si Bi Pasi, si mama mdogo, si mchungaji. Usidhani nimemwacha Mungu pia. Naomba hapa kwenye sinki maji yakipita, na hata Yeye sijamtajia kile kikombe kwa sauti. Anajua alichokiona, na hajakitangaza. Hilo linanitosha kumpenda.

Na mimi nina mdomo. Nimewaza, tena si mara moja, kuja siku hiyo ya shukrani na gauni lako na mtoto wako wa ushuhuda, niombe maiki. Wangenipa. Ningesema maneno machache tu, na usingepata pa kuuweka uso wako tena mpaka unakufa. Nilipoliwaza vizuri nikajiona nimesimama pale, mpiga kinanda ananipigia chini chini, watu wameinama mbele kwa hamu, na mdomo unaosema ulikuwa mdomo wako. Nikaacha. Mwanangu hatasikia habari za nyumba yetu kwenye spika, wala kutoka kwako wala kutoka kwangu. Siku yake itakapofika nitamwonyesha maji baridi, nitamkatia flana kama ulivyonikatia, kingo zimekunjwa. Nitamwambia ni letu sisi wawili, na litabaki hivyo.

Kwa hiyo siku ya shukrani msitungoje. Lakini njoo Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Njoo bila joho, bila akina mama wa maombi. Chumba changu ni cha mwisho ukipita kamba za nguo, mlango una pazia la kijani. Tutaufunga mlango. Utaniambia, mimi peke yangu, nani alikileta kile kikombe. Sihitaji upige magoti, goti lako lenyewe hilo. Sihitaji sababu, sababu nyingine nazijua. Useme tu, mara moja, kwa sauti yako ya kawaida ya jikoni. Ukishasema nitakupa mtoto umshike mpaka uchoke. Usiposema tutakunywa chai, nitakusindikiza kituoni, na mtoto atabaki mgongoni kwangu.

Gauni nimelipokea. Nimeutoa ule utepe wa dhahabu, unamkwaruza shingo, na ninamvisha nyumbani. Mpe mama mdogo pole kwa kutumwa. Mwambie mteja wa jirani, yule aliyeivaa suruali yako kabla hujaukata mguu wa pili, kwamba bado namcheka. Na goti lifungwe kwa kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kulala, usilidharau.

Nisisahau. Kile kikombe hakikuvunjika, mama. Bati halivunjiki. Nilikitia kwenye begi siku niliyoondoka, na muda wote huu, na chaki zako zikibingirika mezani, hujawahi kumtuma mtu kukiulizia. Kipo hapa rafuni karibu na sabuni. Usiogope kuja. Chai yako nitaiweka kwenye kikombe kingine.

Nakusubiri kwa moyo ambao bado ni wako,

Binti yako,
Mama Kifaranga