Nguruwe Hakupikwa

Mpendwa Shangazi Lagi, naomba msaada wako, na naomba pia ukiisoma barua hii redioni usitaje jina langu wala kijiji changu, sema tu ni msichana wa miaka kumi na sita wa huku kisiwani Savai'i, kwa sababu mama huwasha redio anaposuka mikeka na akisikia jina langu nitakufa kwa aibu papo hapo na wewe ndiye utakuwa umesababisha.

Ni hivi. Kamati ya Akina Mama walikubali watoto waoneshwe filamu kwenye nyumba ya kamati, na kazi ya kuichagua nikapewa mimi kwa kuwa shangazi yangu wa mjini Apia hunijazia filamu kwenye flashi, na sikusita hata kidogo, nikachagua ile ya katuni iitwayo Nguruwe Mwenye Kwikwi, ambayo najua hujawahi kuisikia maana hakuna aliyeisikia, ilitengenezwa na watu wetu wachache walioko Auckland, haina jina kubwa hata moja, ikaja ikapita kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Mimi nimeitazama mara kumi na moja. Nguruwe anameza baragumu la kome, lile la kuwaita watu kwenye sala ya jioni, na tangu siku hiyo kila akishikwa na kwikwi baragumu linalia tumboni mwake na kijiji kizima kinakimbilia ndani kusali, saa nne asubuhi, katikati ya mechi, mtu akiwa na sabuni kichwani, mpaka mchungaji mwenyewe anachoka kusali. Na Shangazi, nguruwe hasemi neno hata moja filamu nzima, ni macho tu na kwikwi, lakini unajua kila anachofikiri. Wale mama wanaocheza karata wamechorwa na nyayo zilizopasuka kama za mama zetu, na mvua inapiga bati mpaka unataka kuinuka ukaanue nguo. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikapaliwa, halafu nikalia, halafu nikairudisha mwanzo.

Sasa kosa langu. Tulikuwa tuanze saa kumi, lakini vijana walikuwa wanacheza voliboli na wavu wao wameufunga kwenye nguzo ile ile ya kutundikia shuka la filamu, na mimi sikuthubutu kuwaambia wasogee, nikakaa na shuka langu mapajani kama niliyekuja kulishona, mpaka walipochoka wenyewe. Tukaanza saa kumi na moja na nusu, mapazia yameshushwa, na watu wakacheka, Shangazi, walicheka mpaka Mzee Tuliau, aliyesema katuni ni mambo ya watoto, akahamia mkeka wa mbele. Tukafika pale wanakijiji wanapochoshwa na kwikwi, wanawasha umu, lile tanuri la mawe, mawe yanakuwa mekundu, nguruwe anabebwa juu juu, anafungua mdomo, na baragumu likalia. Watu wakacheka. Likalia tena. Ndipo tukajua ni la kwetu, la sala yenyewe, na nikazima projekta nguruwe akiwa juu ya mawe, mdomo wazi.

Sala ilipokwisha watoto wadogo walikuwa wanalia. Mama Fuatino, mwenyekiti wa kamati, ambaye hata mbwa wakimwona wanakaa vizuri, akanigeukia mbele ya watu wote akauliza, "Kwa hiyo ndiyo imeishia hapo?" Nilitaka kusema hapana, imebaki nusu, tena nusu iliyo nzuri zaidi, lakini macho yote yalikuwa usoni kwangu, na nyusi zangu zikapanda. Unajua hapa kwetu nyusi zikishapanda umeshasema ndiyo. Naweza kudai zilipanda zenyewe kwa woga. Ukweli ni kwamba niliziacha huko huko juu.

Sasa kijiji kizima kinaamini niliwaletea watoto filamu ya nguruwe anayechomwa akiwa hai. Wanaiita filamu ya msiba. Vijana wa voliboli nikipita wananipigia kwikwi. Jumamosi kamati inakutana, na wanasema wataifuta siku ya filamu moja kwa moja, watoto wasioneshwe tena kitu. Na mdogo wangu Pelenato, miaka sita, amemficha nguruwe wetu aliyewekwa achinjwe Jumapili ya Watoto, yuko nyuma ya tangi la maji la shule tangu juzi, anamlisha maganda ya magimbi kutoka kwenye sahani yake, baba anamtafuta hadi kule juu mashambani, na mimi peke yangu ndiye ninayejua. Jana akaniuliza, "Dada, na huyu wetu, filamu yake imebaki kiasi gani?"

Nguruwe wa filamu hapikwi, Shangazi. Anaokoka, kwa namna ambayo siiandiki hapa kwa sababu ukihadithiwa utakuwa umeibiwa. Lakini nikisema, nitaonekana mwongo mbele ya Mama Fuatino, na nikinyamaza, filamu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona itabaki kuwa nusu milele. Mimi hata kanisani Jumapili ya Watoto hupewa mstari mfupi kuliko wote na bado sisikiki. Nifanyeje?

Mimi, Mwenye Nyusi

*

Mwenye Nyusi mwanangu,

Pole. Umemaliza kupokea pole? Haya, sasa nikugombeze.

Wewe si mwongo mkubwa, uongo wako wote haufiki urefu wa ukucha, lakini umemweka nguruwe mmoja juu ya mawe ya moto mpaka leo na wa pili nyuma ya tangi, na baba yako mtu mzima anazunguka mashambani akiita. Umeihurumia aibu yako vya kutosha. Sasa mhurumie Pelenato.

Halafu kuna hili linaloniudhi. Umeniandikia kurasa tatu karibu bila nukta, ukaniletea nguruwe wa kuchora mpaka nikamsikia jikoni kwangu, kisha unaniambia wewe huwezi kusema. Maneno unayo, binti. Yamezoea kalamu tu.

Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi Mama Fuatino akiwa kwenye kusuka mikeka, ingia, keti, kunja miguu, na umshike Pelenato mkono, maana mbele ya mtoto huyo nyusi hazitakudanganya. Sema hivi: "Mama, filamu ile haikuisha. Niliogopa. Naomba tuimalize." Sauti ikikukimbia, mpe barua hii aisome, ndiyo maana nimekujibu kwa karatasi, si redioni. Atakugombeza. Mwache amalize. Kisha mwombe kikao cha Jumamosi kifanyike mbele ya shuka, saa nane mchana, kamati yote iitazame kuanzia mwanzo ndipo ikate shauri. Habari ya wavu wa voliboli mwachie yeye, utafunguliwa kabla hajafika katikati ya sentensi.

Nguruwe wa nyumbani mrudishe leo, baba apumzike. Ila Jumapili ya Watoto ni siku ya wakubwa kuwahudumia wadogo. Pelenato akiomba samaki badala ya nguruwe, aombe kwa sauti, na wewe uombe naye.

Sasa langu. Umeandika kwamba sijawahi kuisikia filamu hiyo. Umekosea. Niliianza miaka miwili iliyopita kwenye feri, nikitoka huko kwenu Savai'i, na tukafunga gati Mulifanua nguruwe akiwa juu ya mawe hayo hayo, mdomo wazi. Nilishuka na vikapu vyangu nikilia, dereva wa basi akadhani nimefiwa, akanipa kiti cha mbele. Miaka miwili namlilia nguruwe huyo, na leo mtoto wa miaka kumi na sita ananiambia hakupikwa, halafu hasemi alitokaje.

Kijiji chako sikitaji, lakini njia naijua. Jumamosi napanda feri ya asubuhi. Niwekee nafasi mkeka wa mbele, kando ya Mzee Tuliau, na mwambieni mpiga baragumu aje naye atazame, akae mahali ambapo mkono wangu unamfikia.

Shangazi Lagi