Kitufe cha Msiba

Ami,

Salamu nilikutolea Ijumaa pale makaburini, pamoja na Yasini yangu ya mbiombio ambayo ungeicheka, kwa hiyo hapa naanza na habari. Stoo yako ya kukodisha vyombo vya shughuli ipo. Haijafungwa wala haijauzwa. Na sasa ina mfumo wake wa kompyuta, nimeuchagua mimi, na nimefurahi mpaka natafuta wa kumringia. Nimeona nikuringie wewe.

Usikunje uso. Ulipokuwa hai, mfumo ulikuwa wewe. Masufuria makubwa yako kwa nani, maturubai yanarudi lini, nani anaoza na nani ana hitima, vyote vilikaa kichwani mwako chini ya kofia. Ukaondoka navyo. Mfunguo mosi wa kwanza bila yako, na harusi zinavyofuatana baada ya Ramadhani, tulikuwa na Khamis Juma wawili, wote maharusi, siku moja, mmoja wa Ole na mmoja wa hapa Tibirinzi. Faki dereva akapakia vyombo vya wote wawili kwenye kigari chetu cha kirikuu, akavishusha vyote Ole, akarudi anapiga mluzi. Watu wa Tibirinzi wakapikia pilau kwenye masufuria ya kuazima mtaa mzima. Bi Mize, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye meza yako kupokea wateja, alinifuata mpaka nyumbani.

"Salma, ami yako kakusomesha kompyuta. Hebu tufanyie kitu mwanangu, tunafedheheka!"

Basi nikaingia kutafuta. Ami, hujui zilivyo nyingi! Kuna programu chungu nzima za kutengenezea kurasa za ndani ya biashara, zile ambazo mteja hazioni, za wafanyakazi tu: nini kipo, nini kimetoka, kiko kwa nani. Kila moja inajisifu kuliko mwenzake. Mwisho nikabakiwa na mbili. Ya kwanza nzuri, we acha. Vitufe na visanduku viko tayari, unavipanga tu kwenye skrini, na jioni mfumo unao. Ila inategemea mtandao saa zote, na mambo mengi wameshakuamulia wao. Ya pili ni ya bure, unaiweka kwenye kompyuta yako hapo hapo stoo na mtandao ukikatika inaendelea, lakini mengi lazima uyaandike mwenyewe, na sura yake, Mungu anisamehe, haitazamiki.

Nikachukua nzuri. Na wewe ungechukua, usijitie.

Bi Mize akaanza kugombana nayo siku ile ile. Ilitaka barua pepe ya kila mteja. "Khamis Juma wa Ole ana barua pepe gani huyu? Yeye hata simu kaniachia ya mkewe!" Nikacheka, nikasema tutazoea.

Halafu asubuhi moja akafariki mzee jirani yetu. Mwanawe akaja mwenyewe na gari kuchukua maturubai, mikeka na masufuria. Bi Mize akafungua ukurasa wa kutolea vyombo. Ukauliza jina la mteja. Ukauliza tarehe ya kurudisha. Ukauliza bei, akaweka sifuri, ukakataa, ukasema isubiriwe idhini ya meneja. Meneja ndiye mimi, nimesimama nyuma yake nahangaika kutafuta pa kubonyeza, na yule bwana yuko mlangoni, macho mekundu. Bi Mize akaifunika kompyuta kama anavyofunika sufuria. Akamwita Faki wapakie.

Walipoondoka akanigeukia. "Ami yako alikuwa akisemaje?"

Nilijua. Hakuna asiyejua hapa kwamba kwako msiba haukodi, vyombo vinatoka bila ya neno. "Ntu kafiwa, humuulizi kitu. Vyombo vende mwanzo." Nilikaa kwenye kiti chako nikalia, Ami. Niliogopa. Niliona tunakwenda kupata mpangilio mzuri na kulipoteza hilo moja ambalo watu wanakuombea dua kwa ajili yake.

Kesho yake nikaifuta ile nzuri. Nikachukua mbovu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, huku Bi Mize ananiletea chai ya maziwa na maoni ambayo sikuyaomba. Pa barua pepe tumeweka "wa kwa nani", kwa hiyo sasa tuna Khamis Juma mkwe wa Bi Time na Khamis Juma wa kwa fundi cherehani, na hawagongani. Na juu kabisa, kabla ya yote, kuna kitufe kikubwa kimeandikwa Msiba. Ukikibonyeza hakiulizi jina, wala bei, wala tarehe. Unagusa vilivyotoka, basi. Na hakimkumbushi mtu kurudisha. Mfunguo mosi wa mwaka huu umepita, hakuna harusi iliyokosa hata sinia. Faki anaangalia kwenye simu kabla hajawasha gari, na anajiona ofisa.

Nilipotaka kukijaribu kile kitufe ilibidi niingize msiba mmoja. Niliingiza wako. Unajua, tulipokuleta kutoka hospitali tulikuta turubai limeshafungwa na mikeka imeshatandikwa. Mpaka leo sijui nani alifungua stoo. Hakuna aliyeulizwa. Baada ya hitima vyombo vikarudi vyote vimeoshwa, isipokuwa mkeka mmoja. Uko chumbani kwenu. Mama Zuwena alikaa eda juu yake, na eda imekwisha lakini anausalia bado, na mkono anauweka upande ule uliokuwa ukikaa wewe.

Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko, Ami. Mimi nakuahidi hivi: stoo nitaiangalia, na kile kitufe kitabaki juu hata tukibadilisha programu mara ngapi. Bi Mize kila asubuhi anaisoma skrini kwa sauti, "Mkeka mmoja uko nje," na kila asubuhi namjibu uache huko huko.

Mwanao,
Salma