Maji Yaliyochemka Kwenye Tisini na Tano

Jumanne, 4 Juni 1996
Nasahihisha madaftari ya darasa la sita, lakini akili haipo. Leo nimemwonea Aika. Asubuhi tulichemsha maji, yeye ndiye aliyesoma kipimajoto. Tisini na tano, akasema. Kitabu kinasema mia. Nikamwambia asome tena. Tisini na tano. Nikamwita mwongo, nikamchapa mbele ya wenzake, nikamtoa kwenye kikundi cha mashindano ya sayansi. Hakulia. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Jioni nimechemsha mwenyewe jikoni. Tisini na tano.

Jumatano, 5 Juni
Aika hajaja. Labda kipimajoto ni kibovu. Natafuta tu pa kujificha.

Alhamisi, 6 Juni
Hajaja tena. Mdogo wake anasema baba anampeleka Tarakea kwa shangazi, akauze dukani kwake. Shule basi. Yule mtoto ana kichwa kuliko mimi nilipokuwa chuo cha ualimu. Sijala.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeshuka Kiboriloni na kipimajoto mfukoni. Nikamwomba mama mmoja muuza chai sokoni nipime maji yake yakichemka.

"Kwani chai yangu ina homa, mwalimu?" Watu wakacheka. "Basi pima na maandazi, yamelala tangu jana."

Tisini na saba. Nikarudia. Tisini na saba.

Kumbe kipimajoto ni kizima. Ukishuka, namba inapanda. Mia ya kitabu iko pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, yanachemka mapema. Chuoni nilifundishwa. Nilikariri, nikajibu mtihani, nikasahau. Maharage ya mke wangu yanachelewa kuiva miaka yote hii na sijawahi kujiuliza kwa nini. Mwalimu wa sayansi mimi.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nimeenda kwao. Baba yake alikuwa anakatia ng'ombe majani, hakuweka panga chini.

"Ulimwita mwanangu mwongo."

Nikasema tunamhitaji kwenye mashindano.

"Haya. Ashuke. Akirudi mikono mitupu, anaenda Tarakea."

Nikakubali. Aika alikuwa mlangoni. "Shikamoo mwalimu." Marahaba, basi. Nikamweleza habari ya Kiboriloni kama vile nimeigundua mimi. Kwamba nilikosea, sikusema. Mwoga.

Jumatano, 12 Juni
Amerudi. Anataka kupima sehemu tatu: shuleni, kanisani pale chini, na Kiboriloni. Tumeshuka na stovu na sufuria, darasa zima nyuma yetu. Kila kituo namba imepanda kidogo. Watoto wanaruka kama wameshinda mpira.

Ijumaa, 14 Juni
TUMESHINDA. Wa kwanza wilaya nzima.

Jaji alimkatiza: "Binti, maji yanachemka kwenye mia." Nikajua Tarakea hiyo. Aika hakutikisika. "Naomba tuyachemshe, mheshimiwa jaji." Stovu ikavuma. Jaji akavaa miwani, akasoma mwenyewe. Akasoma tena. Tisini na saba. Akacheka, akampa mkono, ukumbi mzima ukasimama. Nimepiga makofi mpaka viganja vinauma hadi sasa.

Baba yake alikuwa nyuma, kofia mkononi. "Shangazi yake atafute mtu mwingine," akaniambia. Amenikumbatia. Nimelia mbele za watu, sijali.

Halafu jaji akamuuliza nani kamfundisha. "Mwalimu wangu. Alishuka mwenyewe mpaka sokoni kupima." Fimbo hakuitaja.

Jumamosi, 15 Juni
Manyunyu kwenye migomba. Kombe liko ofisi ya mwalimu mkuu, watu wanapita kulitazama. Mimi sijapita.

Huku kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale. Akilipokea, yamekwisha. Ila mtu mzima kumpelekea mtoto sijapata kuona. Mke wangu anasema walimu wenzangu watanicheka. Wacheke.

Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa mstarini, kabla ya kuingia darasani, nitampa Aika isale mkononi mbele ya shule nzima. Nitasema yeye alisoma sawasawa, na mimi nilimpiga kwa ujinga wangu.