Gata Haijamwaga Hata Tone

Baba Ivyne,

Chai iko kwa thermos. Kuku wafungulie matope yakikauka. Mimi nimeenda kazi Kileleshwa.

Mvua imenyesha alfajiri wewe ukikoroma. Ile gata ya kukinga mvua nilifunga kwa paa peke yangu, ile ulicheka ati itamwaga maji yote mlangoni, imejaza tangi mpaka juu! Wewe fundi wa gata wa Mutuini nzima, yetu ilikuwa “kesho” mwaka mzima. Na miaka hiyo yote nikikushikia mpira wa maji wa kupima usawa, nilikuwa naangalia.

~~Usiiguse.~~ Haya, iguse, lakini kwa macho.

Mama Clifford wa hapo jirani ameuliza fundi ni nani. Nimempa namba yangu. Jumamosi tunamfungia yake, na wewe ndiye utashika mpira.

Mama Ivyne