Shemeji, Uliinukanga Mwenyewe

Navakholo, 1996

Shemeji Muhatia,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ulisemanga niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alichoka, si mimi. Basi soma polepole, sasa huna haraka.

Mvua imeanza. Miwa yako imefika kiunoni, na dada yangu Rosa amekataa kuondoa viatu vyako mlangoni. Ati wezi wakiviona watajua nyumba ina mwanaume. Nikamwambia wezi wote wa hapa walikuja kwa matanga yako, wakala na kushiba. Akanifukuza na ufagio. Viatu bado viko hapo.

Nakumbuka ulivyoanza kuanguka. Nilidhani ni busaa, nikakununia wiki nzima kwamba umeanza kunywa bila mimi. Kumbe ni misuli ya mapaja iliyokuwa ikiisha kidogo kidogo, kama ya marehemu baba yako. Siku ile ulipoanguka sokoni nilikukamata mkono nikakuvuta kama ndama. Bega likatoka. Ulilia, Shemeji, nami nikawaambia watu unalia kwa kukosa nyama. Nilikuwa naficha aibu yangu. Unisamehe.

Yule bwana wa mazoezi, pale hospitali ya mjini, ndiye alinifokea. "Mzee, ulikuwa unavuta mtu ama jembe? Akianguka, muulize kama ameumia. Kama ni mzima, mpe kiti, ainuke mwenyewe." Akakufundisha: geuka ubavu, piga magoti, shika kiti, pumua, mguu mmoja, halafu wa pili. Mimi nikapewa kazi ya kukunyoosha miguu kila asubuhi, taratibu, bila kukuchosha. Nilikuwanga nakushika kisigino huku nakupa udaku wa sokoni, unacheka mpaka kisigino kinaniponyoka. Asubuhi hizo, Shemeji! Hata busaa siitamani hivyo.

Lakini watu wetu hawawezi kuona mtu chini wakatulia. Wote walikurukia. Aliyekuinua vizuri ni mmoja tu, mama yangu. Si ulimpelekea ingokho, kuku wa heshima, ukaanguka katikati ya uwanja wake? Na mama mkwe hamgusi mkwewe, wala hamtazami. Mama akakupa mgongo, akasukuma kiti nyuma kwa fimbo yake, akamwambia yule kuku: "Wewe kuku, mwambie huyo mtu kiti kiko hapo. Mwambie asiwe na haraka." Ukainuka hatua kwa hatua kama ulivyofundishwa, ukamwambia kuku asante. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nimeuma kofia nisicheke. Sisi tuliokupenda kwa mikono tulikuumiza. Yeye aliyekatazwa kukugusa ndiye alikutendea haki.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Binti yako Mmbone ameanza kuanguka. Mara mbili mwezi huu, akitoka mtoni. Nikamwambia twende kwa yule bwana wa mazoezi, akakataa. "Mjomba, baba alinyooshwa kila asubuhi, na si alikufa?"

Ikabidi nitumie uhuni. Nikajifanya goti langu limekufa, nikaomba anisindikize hospitali. Alinishika mkono njia nzima, nami nikachechemea vizuri sana. Yule bwana akanipapasa, akasema, "Mzee, goti hili linaweza kucheza ngoma ya isukuti mpaka kesho."

Mmbone akaniangalia. Macho ni yako yale. "Haya mjomba, mara moja tu niambie ukweli. Yale mazoezi yalimsaidia baba?"

Nikamwambia hayakukuponya. Lakini mpaka mwezi wako wa mwisho ulienda chooni mwenyewe, na hakuna mtu aliyekufungia suruali.

Aliinuka. Nilifikiri anaondoka. Halafu akavua viatu, akapanda kitanda cha mazoezi.

Atarudi Alhamisi, lakini ameweka sharti: kwa vile nilijiita mgonjwa, na mimi nilale ninyooshwe. Hebu fikiria, miguu yangu hii ya korongo hewani mbele ya manesi!

Nakuahidi, Alhamisi zote nitakuwa kwenye kitanda cha pili, nikilalamika kwa sauti, asijione yuko peke yake. Pumzika, Shemeji. Mtoto wako ana mtu.

Ni mimi shemeji yako,
Amukoya